KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Gurudumu Kwanza, Mashine Baadaye

Alasiri, jua linapopunguza makali katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Kionga karibu na mlango wa mto Ruvuma, kupita Palma, hata Mocímboa da Praia, aghalabu huonekana mtoto akikimbia njiani huku ameshika fimbo ndefu ya waya. Mbele yake hukimbia gari. Bodi lake ni waya uliokunjwa. Magurudumu yake ni vizibo vya soda, au vifuniko vya makopo, au soli za kandambili zilizokatwa duara. Usukani wake ni pete ya waya iliyo juu ya ile fimbo, mkononi mwa dereva. Mtoto akiizungusha pete, ekseli ya mbele hugeuka na gari hukata kona. Kazi hiyo hakuifundishwa darasani. Aliipata kwa kaka yake, na kaka yake aliipata kwa mwingine.

Watu wazima wengi hupita pasipo kulitazama gari hilo mara mbili. Walakini ndani yake mna elimu nyingi: kupima, kukunja, kulinganisha upande na upande, na kuufanya mwendo wa mkono ugeuke kuwa mwendo wa gurudumu. Wahenga walisema, mtoto wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto wa askari naye, ambaye mzazi wake huwa safarini miezi mingi, hujifundisha kwa waya na kopo mpaka mzazi arejee likizo.

Mzazi huyo anaporejea na kuliona gari la mwanawe, mara nyingi huingiwa na hamu ya kuiendeleza kazi ile ifikie mfano kamili wa gari: mdogo, lakini wenye vipimo sahihi. Swali lake la kwanza huwa, "Ninunue mashine gani?" Swali ni zuri, ila limekuja mapema. Katika kazi ya kutengeneza mifano ya magari, gurudumu hutangulia, mkono hufuata, na mashine huja mwisho. Mwenye kuupindua utaratibu huu hujikuta ana mashine nzuri iliyofunikwa kitambaa, na gari hana.

Mafundi wa pwani

Jambo hili mafundi wa pwani walilijua zamani. Waundaji wa majahazi hutoboa mbao kwa keke, chombo cha kuzungushwa kwa uta wa kamba, ili msumari usipasue ubao. Wakereza wa miguu ya vitanda walitumia kerezo la aina hiyohiyo: uta huuzungusha mti, na patasi huuchonga ukiwa katika kuzunguka. Katika kisiwa cha Ibo, kusini ya Mocímboa da Praia, masonara hufuma mapambo ya nyuzi za fedha. Uzi wao huupitisha katika kipande cha chuma chenye matundu yanayopungua ukubwa, tundu hata tundu, mpaka uwe mwembamba kama wautakavyo. Nao Wamakonde wa uwanda wa juu wa Mueda hulichonga gogo la mpingo, mti mgumu kupita kiasi, kwa tezo, patasi na tupa.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza na mashine kubwa. Wote walianza kwa kuijua maada waliyoishika na kipimo walichokitafuta. Mwenye kutaka kuunda gari dogo ni jirani yao, naye yampasa aanzie walipoanzia.

Waya umetoka wapi?

Kabla ya kipimo na kabla ya chombo, liko swali ambalo kila nyumba ya askari na polisi haina budi kuliuliza: Huu waya, hili bati, hiki kipande cha chuma, mtoto amekiokota wapi?

Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kuondoa maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini ya vita vilivyopita. Lakini tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, vita vipya vikaanza, na tarehe 24 Machi 2021 vikaifikia Palma. Maelfu ya watu walikimbia. Mwaka huohuo yalifika majeshi ya Rwanda na ya jumuiya ya SADC, ambamo askari wa Tanzania walikuwamo, na kikosi cha SADC kikamaliza muda wake mwaka 2024. Familia nyingi zilirudi makwao. Kila mahali vita vilipopita huweza kubaki risasi, makombora na vitu vya kulipuka ambavyo havikulipuka. Kwa jicho la mtoto anayetafuta ekseli, kitu cha shaba chenye umbo la mviringo ni mali.

Basi sharti la kwanza la kazi hii ni hili: mtoto asiokote chuma asichokijua, asikiguse, asikipige teke, wala asikirushie jiwe. Akumbuke mahali kilipo, arudi kwa njia aliyoijia, amwambie mtu mzima, na mtu mzima awaarifu polisi au askari walio karibu. Mtoto anayefanya hivyo asikaripiwe kwa kuchelewa nyumbani. Akikaripiwa, siku nyingine atanyamaza.

Sharti la pili lahusu nyaya za umeme. Waya ulioanguka kutoka nguzoni usiguswe hata kama taa za mtaa mzima zimezimika, kwani umeme hurudi pasipo kubisha hodi. Wala wasitumwe watoto kukata nyaya za umeme au za simu. Huo ni wizi, na ni hatari ya mauti. Vilevile isichomwe mipira ya nyaya ili kupata shaba, maana moshi wake ni sumu. Waya wa kufungia nondo unaobaki baada ya ujenzi, spoku za baiskeli mbovu, makopo ya maziwa na ya soda, vyote hivi hupatikana kwa heri na hutosha.

Sharti la tatu ni fupi. Katika nchi yenye vizuizi vya barabarani na askari wenye tahadhari, yaundwe magari, majahazi na nyumba, si mifano ya bunduki.

Kipimo huanzia gurudumuni

Maada ikishapatikana kwa usalama, ndipo huja kipimo. Mfano wa gari huundwa kwa uwiano. Ukisema 1:25, maana yake kila milimita 25 za gari la kweli huwa milimita 1 ya mfano. Ziko nyingine zilizozoeleka, kama 1:43, 1:24 na 1:18. Kwa nini basi ichaguliwe moja na kuachwa nyingine? Jibu liko katika gurudumu.

Achukuliwe mfano wa Land Rover ndefu ya Series III, gari lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, ambalo askari na polisi wa Afrika Mashariki walilijua vyema. Tairi lake lina kipenyo cha takriban milimita 800. Kizibo cha soda kina kipenyo cha milimita 30 na ushei. Gawa 800 kwa 25, utapata 32. Kwa hiyo mwenye kutumia vizibo, au mwenye kukereza gurudumu la ukubwa huo, anafaa kuchagua 1:25, na gari lake lote litaufuata uwiano huo. Mtoto anayeweka magurudumu ya vizibo katika bodi lenye urefu wa mkono mzima huona gari limekosea bila kujua kosa liko wapi. Kosa ni kwamba gurudumu lasema uwiano mmoja na bodi lasema mwingine.

Kugawa kwa 25 ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la nne: zidisha kwa 4, kisha ondoa tarakimu mbili za mwisho kwa nukta. Land Rover hiyo ina urefu wa milimita 4,445. Zidisha kwa 4, upate 17,780, nao mfano utakuwa na urefu wa milimita 178 hivi. Upana wa milimita 1,676 huwa 67. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,769, na katika mfano ni 111. Namba hizi ziandikwe katika daftari kabla bati halijakatwa. Hesabu ya namna hii, mtoto anayeichukia ubaoni huipenda mezani, kwa sababu jibu lake hukaa kiganjani.

Liko jambo jingine la kupendeza. Bodi la Land Rover ya kweli lilifunikwa kwa mabamba ya mchanganyiko wa alumini. Ubavu wa kopo la soda nao ni alumini, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Hivyo kopo lililotupwa jalalani ndilo bati linalokaribiana zaidi na la gari lenyewe. Hukatwa kwa mkasi wa kawaida, hunyooshwa juu ya meza kwa mgongo wa kijiko, na hukunjwa kwa kufuata rula ya chuma. Ncha zake ni kali kama wembe, kwa hiyo zisuguliwe kwa msasa mara tu baada ya kukatwa. Ikumbukwe pia kwamba alumini haishiki lehemu ya kawaida. Sehemu za alumini zishikwe kwa gundi ya epoksi, na fremu ya chini itengenezwe kwa waya wa chuma na bati la kopo la maziwa, ambavyo hulehemeka vizuri. Lehemu nyingi zina madini ya risasi, hivyo dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Vyombo vya mkono

Vyombo vya kwanza si vingi. Ni rula ya chuma yenye milimita, guni la kuhakikisha pembe ya mraba, bikari, koleo lenye midomo myembamba, mkasi wa bati, msumeno mdogo wa chuma, tupa tatu (bapa, duara na ya pembe tatu), na jiliwa dogo la kufungwa mezani. Baada ya hivyo hufuata drili ya mkono yenye meno ya kuzungusha, na kipimo cha taya kinachosoma sehemu ya kumi ya milimita. Katika vyote hivyo, jiliwa na kipimo ndivyo visivyofaa kununuliwa kwa urahisi wa bei. Jiliwa linalocheza huharibu kila kinachoshikwa ndani yake, na kipimo kinachodanganya ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Drili hiyo ya mkono huweza kuwa kerezo la kwanza la nyumba. Ifungwe kwa ulalo katika jiliwa, na kitakachochongwa kibanwe mdomoni mwake. Mtu mmoja azungushe mpini, mwingine ashike tupa taratibu juu ya kitu kinachozunguka. Kwa njia hiyo hukerezwa magurudumu ya mti.

Mti bora kwa kazi hiyo uko palepale Cabo Delgado, nao ni mpingo. Vipande vidogo vinavyobaki kwa wachongaji ni vyeusi kama tairi, havihitaji rangi, na hushika mistari myembamba pasipo kumeguka. Ila mpingo hufanya tupa na patasi kuwa butu upesi, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Kwa hiyo pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa, na vumbi lifagiliwe kwa kitambaa chenye unyevu. Yakerezwe magurudumu matano, si manne, maana Land Rover nyingi hubeba la akiba juu ya boneti.

Fundi akishamaliza bodi na magurudumu, ajaribu usukani. Gari la waya la watoto hugeuza ekseli nzima, kama mkokoteni. Gari la kweli hugeuza kila gurudumu peke yake, na la ndani ya kona hujipinda zaidi kuliko la nje. Siri yake ni mikono miwili midogo iliyoelekea nyuma na kuinama ndani. Ukivuta uzi kutoka kila mkono kwenda nyuma, nyuzi hizo zikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Mtoto akiliona hilo kwa uzi, amefahamu jambo linalofundishwa katika vyuo vya ufundi.

Mashine

Baada ya magari mawili au matatu ya namna hiyo, nyumba itajua yenyewe inahitaji mashine gani. Karibu kila mara jibu ni moja: mashine ndogo ya kukereza. Mashine ya kuchonga mifereji na nyuso bapa, ambayo mafundi huiita milingi, yaweza kungoja miaka. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Emco ya Austria ilitengeneza kerezo dogo la mezani liitwalo Unimat, ambalo kichwa chake huweza kusimamishwa wima likawa mashine ya kutoboa. Waundaji wengi wa mifano huko Ulaya walijifunzia juu yake. Siku hizi mengi ya ukubwa wa namna hiyo hutoka Uchina, na hupatikana mapya na makuukuu katika miji mikubwa ya bandari.

Ukubwa wa mashine uchaguliwe kwa gurudumu. Kama gurudumu ni la milimita 32, mashine inayopokea kitu cha milimita 70 yatosha. Mwendo wa polepole una thamani kuliko wa kasi. Chuma laini hukatwa vizuri kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika hivi, ukiwa kisu ni cha chuma cha kawaida cha kukatia. Kwa fito ya milimita 10, hiyo ni mizunguko 800 kwa dakika, lakini kwa gurudumu la milimita 32 ni mizunguko 250 tu. Shaba nyeupe huvumilia mara mbili ya hiyo. Mashine isiyoweza kushuka chini ya mizunguko 600 itaunguza kisu na kumkatisha tamaa mwenyewe.

Anayekwenda kununua mashine kuukuu achukue kipande cha shaba nyeupe cha unene wa milimita 12, na kipimo chake mfukoni. Kwanza aishike shafti kuu, aivute na kuisukuma. Ikicheza, beringi zimechoka. Pili auzungushe mpini wa kisu mbele na nyuma, aone unakwenda kiasi gani bure kabla kisu hakijatembea. Tatu akisukume kiti cha kisu mwanzo hadi mwisho wa njia yake. Kikiwa chepesi karibu na kichwa na kizito mwishoni, njia imelika pale ilipofanya kazi zaidi. Mwisho akikereze kile kipande urefu wa milimita 30, na akipime ncha zote mbili. Tofauti ya sehemu mbili za mia ya milimita si neno. Ikifika sehemu moja ya kumi, aage kwa adabu na aondoke.

Kibao cha umeme kisomwe pia. Msumbiji na Tanzania hutumia umeme wa volti 220 hadi 230. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni ya volti 120, na ikichomekwa ukutani huku itaungua. Mahali panapotegemea umeme wa jua ijulikane kwamba mota huvuta nguvu nyingi zaidi inapoanza kuliko inapokwenda, hivyo kifaa cha kugeuza umeme sharti kiwe kikubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye mota.

Adui mkubwa wa chuma katika pwani hiyo ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote huileta ndani ya nyumba. Kila jioni mashine ifutwe chips zote, ipakwe mafuta ya mashine na kufunikwa kitambaa kikavu cha pamba. Mafuta ya nazi yasitumiwe. Nailoni isitumike kufunikia, kwa sababu hukusanya jasho na kuleta kutu.

Kuhusu usalama, mashine inayozunguka haina huruma. Miwani ivaliwe. Glavu zisivaliwe, maana hunasa na kuvuta vidole. Mikono ya shati ikunjwe, nywele zifungwe, na ncha za kanga na ushungi zichomekwe vizuri, kwani kazi hii ni ya wasichana na akina mama sawasawa na wavulana na akina baba. Ufunguo wa kubania usiachwe mdomoni mwa mashine hata kwa dakika moja. Mtoto asiiwashe akiwa peke yake.

Mikono minne

Si kila nyumba itafika kwenye mashine, na isiyofika haikupungukiwa. Likizo ya askari ni fupi. Mashine ya umeme humtaka mtu mmoja tu, na wengine husimama pembeni wakitazama. Drili iliyofungwa katika jiliwa hutaka wawili: mmoja azungushe, mwingine akereze, na kila mmoja ausikilize mkono wa mwenzake. Akizungusha kwa pupa, tupa huruka. Akibonyeza kwa nguvu, mpini hukwama. Ndivyo walivyofanya kazi wakereza wa zamani na vijana wao wa kuvuta uta.

Katika likizo ya siku kumi na nne yaweza kukerezwa magurudumu manne bila haraka. La tano mzazi aliache halijakerezwa, kipande cha mpingo kikiwa kimekatwa na kutobolewa tayari, kikae ndani ya kopo pamoja na daftari la vipimo. Mama, au dada, au rafiki wa darasani atakuja kushika mpini. Mzazi atakaporudi, la kwanza kuulizwa liwe gurudumu la boneti, na lipimwe naye mbele ya aliyelikereza: milimita 32.